Barua kwa Mama Plamedi: simu uliyonyang'anywa na magunia yaliyo chini ya kitanda

Lubumbashi, Katuba
Mwezi wa saba

Mama Plamedi mpenzi,

Karatasi yako kutoka Kolwezi nimeipata kwa dereva wa basi. Ilikuwa imekunjwa hadi maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika, lakini lile neno kubwa limesomeka vizuri. Hongera, mwenzangu! Plamedi naye sasa apate mtu wa kugombana naye. Huku tuko wazima, baridi tu ya kiangazi na vumbi lake, vyote unavijua. Mama anakusalimia sana na anasema usithubutu kubeba bidoni la maji.

Sasa nije kwenye lile lililonikosesha raha. Unasema shemeji alikuchukulia simu siku ileile uliyomwambia kuhusu mimba, kwa sababu ya sauti inayozunguka kwenye WhatsApp: daktari asiyejitaja jina anasema mionzi ya simu ikikutana na kemikali ndani ya mwili wa mama, mtoto anaharibika akiwa bado hajawa mtu. Mama mkwe akatia la kwake, na kesi ikaisha hapo. Kwa hiyo mimi nikipiga, anapokea shemeji, na wewe unaniandikia kwa kalamu kama tulivyoandikiana tukiwa bweni. Umeniuliza kama sauti ile inasema kweli, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa biolojia. Nitakujibu kwa urefu. Shemeji akitaka kuisoma barua hii, mpe aisome, maana nusu yake ni ya kwake.

Nianze na simu peke yake. Simu inaongea na mnara kwa mawimbi ya redio, ndugu wa yale yanayoleta habari kwenye redio ya baba yako. Hayana nguvu ya kuvunja DNA, yale maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe za mwili. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba yanapasha joto kidogo nyama ya mwili iliyo karibu nayo, na ndiyo sababu kuna kikomo: Ulaya, simu isiingize zaidi ya wati 2 kwa kila kilo ya kichwa au kifua, Marekani, wati 1.6. Nguvu hiyo inashuka haraka ukijitenga nayo. Ukiisogeza simu mbali mara mbili ya pale ilipokuwa, inabaki kama robo. Na simu yenye mtandao hafifu inajikaza zaidi ili isikike na mnara, kwa hiyo ukiwa pembezoni mwa mji na kijistari kimoja, ndipo uiweke mbali na mwili. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu ambavyo “huenda” vinaleta saratani. Kundi hilohilo, baadaye, likapokea dondoo la jani zima la aloe vera, lile ambalo mama mkwe wako analichemsha kila akiumwa tumbo. Hilo usimsomee.

Joto ni jambo la kweli kwa mimba changa. Homa kali ya mama katika wiki za mwanzo imehusishwa na watoto wanaozaliwa uti wa mgongo haujafunga. Lakini simu haifikishi joto hilo tumboni, malaria inalifikisha. Ukitaka kumlinda mtoto na joto, chandarua kwanza.

Mionzi ya kuogopwa na mwenye mimba ipo, na sisi wa Katanga tungepaswa kuijua kuliko watu wote. Urani ya bomu lililopigwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, hapo upande wa Likasi, kwenye njia ya kuja kwako. Watoto waliokuwa tumboni siku ile kule Hiroshima na Nagasaki, hasa waliokuwa kati ya wiki ya 8 na ya 15, wengi wa wale waliopata dozi kubwa walizaliwa na vichwa vidogo na akili haikukua. Hiyo ndiyo mionzi inayovunja DNA. Ya simu si ya ukoo huo, hata kama daktari wa WhatsApp anaziita kwa jina moja.

Hapa sasa tufike kwenye kukutana kwa mionzi na kemikali, maana hapo ndipo sauti ile ilipookota kitu cha kweli. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer, Hannover, Ujerumani, walichapisha jaribio la panya. Panya jike mwenye mimba anadungwa sindano ya ethilinitrosourea, sumu ya maabara inayotumiwa hasa kwa sababu inaharibu DNA bila kukosea. Watoto wake wanakaa ndani ya mawimbi ya simu tangu wakiwa tumboni hadi uzeeni. Waliopata sumu na mawimbi pamoja walitoka na uvimbe wa saratani wa mapafu na ini mwingi kuliko waliopata sumu peke yake. Mwaka 2015 kundi jingine la Ujerumani, la Alexander Lerchl wa Bremen, likarudia kwa panya wengi zaidi na kuona mambo yaleyale, hata mawimbi yakiwa chini ya kikomo kilichowekwa kwa watu.

Mimi niliposoma hayo mara ya kwanza, niliitoa simu kitandani usiku uleule. Halafu nikasoma tena taratibu. Panya wale hawakuzaliwa na kasoro. Kilichopimwa ni saratani ya baadaye. Uvimbe haukuongezeka kadiri mawimbi yalivyoongezwa nguvu, jambo linalowasumbua watafiti wenyewe. Na kile kinachonigusa zaidi ni hiki: katika jaribio la Hannover, panya waliopata mawimbi bila sumu walikuwa sawa na wale ambao hawakupata chochote. Waamerika nao, mwaka 2018, walimaliza jaribio kubwa la panya waliowekwa kwenye mawimbi saa 9 kwa siku tangu tumboni. Watoto walizaliwa na uzito mdogo kidogo, na madume wengine wakapata uvimbe wa moyo, lakini madume haohao waliishi maisha marefu kuliko wenzao wasiopigwa mawimbi. Nenda ukatengeneze sauti ya WhatsApp kutoka hapo.

Basi mwenye akili akisikia kwamba huko Hannover mawimbi peke yake hayakufanya kitu, na sumu peke yake ilifanya, na viwili pamoja vikazidisha, ataanza kuondoa kipi nyumbani kwake?

Ndiyo maana nilipofika kwenye mstari wako wa mwisho niliisoma barua mara ya pili kuhakikisha sikukosea. Umeandika kwa kupita tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba chumba kimebana siku hizi kwa sababu shemeji anaogopa wezi wa depo ya madini na ameleta magunia mawili ya kobalti, yale madini anayochimba, yako chini ya kitanda akingoja bei ipande. Na kwamba usiku yanakutia kikohozi.

Mama Plamedi! Simu imetolewa kwenye mto wa kulalia, magunia yamebaki chini ya godoro!

Kobalti ile nyeusi si jiwe la kulala nalo. Vumbi lake ni jepesi, linapita kwenye nyuzi za gunia kila mtu anapogeuka kitandani, linatua kwenye shuka, kwenye kikombe, kwenye vidole vya Plamedi anayetambaa kutafuta mpira wake huko chini. Ndani yake hakuna kobalti tu. Madini ya huku kwetu yanakuja na shaba, manganizi, risasi, aseniki, na mara nyingine urani kidogo. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Watu wa kawaida, si wafanyakazi. Viwango vya kobalti vilikuwa vya juu kuliko vilivyowahi kuandikwa popote kwa raia wa kawaida. Mwaka 2018 wakachapisha kuhusu mtaa wenu wa Kasulo hukohuko Kolwezi, ule ambao watu walichimba chini ya sebule zao. Watoto ndio walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na kwao zikaonekana alama za DNA iliyoumizwa. Kwa hiyo ile hofu ya DNA aliyokuwa nayo shemeji ni hofu nzuri. Ameielekeza tu kwenye mfuko wa suruali, wakati jambo liko chini ya kitanda.

Utafiti unaokuhusu wewe hasa ulifanywa hapa mjini kwetu, kwenye nyumba za uzazi za Lubumbashi, kati ya mwaka 2013 na 2015, ukatoka 2020. Walichukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 wazima. Wakapima damu ya mama, mkojo, damu ya kitovu, kondo la nyuma. Nilitegemea kusikia kwamba mama wa watoto wenye kasoro walijaa metali na wale wengine hawakuwa nazo. Haikuwa hivyo. Wote walikuwa nazo, karibu sawasawa, kwa viwango vya kutisha. Tofauti ndogo ilikuwa kwenye manganizi na zinki katika damu ya kitovu. Kilichotenganisha makundi mawili kwa nguvu kilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa anafanya kazi ya migodini, uwezekano wa mtoto kuwa upande wa wenye kasoro ulikuwa mara 5.5. Namba hiyo ni ya kushika kwa uangalifu, kwa kuwa watoto waliopimwa ni wachache: ukweli unaweza kuwa mara 1.2, unaweza kuwa mara 25. Tena kasoro zenyewe bado zilikuwa adimu, kama mtoto 1 kwa kila 1,000 waliozaliwa. Kwa hiyo usilie. Uwezekano mkubwa sana ni kwamba mtoto wako atatoka mzima. Lakini namba hiyo inaangalia upande wa baba, na sijasikia mama mkwe yeyote akimnyang'anya mwanawe kitu.

Shemeji, hapa ni kwako. Sikulaumu, najua unachimba kwa sababu gani, na najua bei ya unga. Mbegu ya mwanamume inachukua kama siku 74 kutengenezwa, na mwili unaovuta vumbi muda wote huo unaitengeneza ndani ya vumbi. Hilo limeshapita, mimba imeingia, halirudi nyuma. Linalobaki mikononi mwako ni kile unachokileta mlangoni. Magunia yatoke leo, hata kama ni kuuza kwa bei ya hasara kidogo. Nguo za shimoni zisivuke mlango: zivulie nje, uoge, uvae nyingine ndipo umshike Plamedi. Na uzifue mwenyewe. Mkeo ameniambia huwa anazikung'uta kwanza kwenye ukingo wa beseni ili udongo utoke. Wingu lile jeusi linalopanda usoni mwake anapokung'uta ndilo ninaloliogopa kuliko minara yote ya Kolwezi. Ziloweke kwenye maji kabla ya kuzigusa, vumbi lisipate nafasi ya kuruka. Sakafu nayo isifagiliwe kavu. Ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji.

Narudi kwako. Uliandika pia kwamba mdogo wake shemeji anatengenezea simu hapo sebuleni. Ule moshi mweupe wa chuma cha kulehemu unakera mapafu, kwa hiyo afungue dirisha, ila moshi huo ni wa utomvu unaochanganywa kwenye waya. Risasi yenyewe haipandi sana kwa moto ule mdogo. Inabaki kwenye vidole vyake na kwenye vile vitone vya kung'aa vinavyodondoka mezani, halafu meza hiyohiyo inawekewa bukari na wote mnamega kwa mkono. Waya wa kulehemu wenye risasi huwa nayo zaidi ya theluthi yake. Apate meza yake, ikiwezekana nje kwenye baraza, na anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Risasi naiogopa kwa sababu haina kiwango ambacho mtu anaweza kusema hiki ni salama, na inavuka kondo la nyuma bila kizuizi. Ubongo wa mtoto haumaliziki mwezi wa tatu kama mikono na moyo. Unaendelea kujengwa hadi kuzaliwa na kupita. Halafu risasi ina tabia ya kukaa kwenye mifupa kwa miaka mingi. Mama akiwa na mimba na chakula chake kikapungua kalisi, madini ya kujenga mifupa, mwili unabomoa mifupa ili umpe mtoto, na risasi ya zamani inatoka pamoja nayo. Damu ikipungua chuma, utumbo unaivuta risasi kwa wingi zaidi. Hapo ndipo mkutano wa hatari ninaouona mimi kila mwaka kwa mama wa wanafunzi wangu: sumu ndogo na sahani tupu. Nao hauna sauti ya WhatsApp.

Kwa hiyo kula. Kapenta wadogo wazima pamoja na mifupa yao, maharagwe, sombe, lengalenga, na chungwa kama lipo, kwa sababu linasaidia chuma kiingie. Kwenye CPN, kliniki ya wajawazito, watakupa vidonge vya chuma na asidi foliki. Usiviache kwa sababu vinakufanya choo cheusi, ni kawaida. Ule mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto unafunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wengi hata hawajajua wana mimba, kwa hiyo foliki ya mimba ijayo inaanza kabla ya mimba. Hii ya sasa inywe tu, bado damu yako inaihitaji.

Na ule udongo mweupe wa sokoni unaoutafuna. Najua hamu yake, nami nilikuwa nao mdomoni mimba yangu nzima ya kwanza na hakuna aliyeniambia kitu. Unazuia chuma kuingia, na udongo wa namna hiyo umekutwa mara nyingi na risasi na aseniki, sembuse unaochimbwa kwenye nchi ya migodi. Kama hamu inakushinda, hiyo yenyewe huwa ni dalili ya damu kupungua; waambie wauguzi wakupime.

Moja la haraka, usinune. Sabuni yako ya kung'arisha uso. Soma kwenye karatasi yake, kwa maandishi madogo. Ukiona popote “mercury”, “mercure” au “mercuric iodide”, hiyo ni zebaki, tupa hata kama imebaki nzima. Zebaki inavuka kwenda kwa mtoto. Kule Minamata, Japani, ambako ugonjwa uligunduliwa mwaka 1956, kulikuwa na mama waliokula samaki wenye zebaki na wao wenyewe wakaonekana karibu wazima, huku watoto waliozaa hawakuweza kushika kichwa. Zebaki ile ilikuwa ya aina nyingine, kali kuliko ya sabuni, lakini sioni kwa nini tujaribu. Tena uso wako haukuwa na shida yoyote.

Sasa simu. Nataka urudishiwe, na nitakwambia kwa nini nashikilia. Ukianza kutoka damu usiku na shemeji yuko shimoni, utampigia nani na nini? Pesa ya teksi utaipokea wapi kama si kwenye simu? Mtoto anayepotea Kolwezi kwa sababu mama hakufika hospitali kwa wakati, huyo namwona. Mtoto aliyeharibiwa na simu ya mama sijaonyeshwa na mtu. Kama shemeji anataka amani ya moyo, tukubaliane hivi: usiku simu ilale mezani upande wa pili wa chumba ikiwa inawaka, usiifunge kwenye kanga juu ya tumbo ukitembea, ongea kwa spika, na usiisharji ukiwa umeilalia. Hayo hayagharimu hata faranga moja, na yanatosha kwa hofu ambayo ushahidi wake uko kwa panya.

Nijibu mambo matatu: magunia yametoka au la, CPN ya kwanza umeenda lini, na hesabu ya damu walikuambia ngapi. Dereva anarudi Alhamisi asubuhi, anapaki palepale. Amebeba mifuko yangu miwili, ina kapenta na vitambaa vya deki. Mfuko wa kijani ni wako, ule mwekundu ni wa dada yako, msigombane.

Likizo ikifika nakuja kukuona. Kama magunia bado yako chumbani, nitalala kwa dada yako, na Plamedi nitalala naye hukohuko.

Msalimie shemeji, na mama mkwe kwa heshima zote.

Mwenzako,
Mama Exaucé